Neema na Imani Katika Maisha ya Kila Siku: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha kipaimara siku za Jumamosi, na katikati ya wiki nasali na jumuiya yetu, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Maswali haya yametoka huko. Mengine yaliulizwa na vijana mbele ya wenzao, mengine na akina mama walioningoja nje hadi watu wote wameondoka. Majibu nimeyachota katika Biblia, Katekisimu Ndogo (kitabu cha mafundisho cha Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa) na Ungamo la Augsburg (tamko la imani la Walutheri wa kwanza), vitabu ambavyo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania linavishika pamoja na Walutheri wenzetu duniani.

Neema ni nini hasa?

Ni Mungu kukupenda na kukusamehe kwa ajili ya Kristo wakati huna chochote cha kumlipa. Neno lenyewe tumelizoea mno. Mabinti wangapi tumewabatiza kwa jina hilo! Lakini likishuka kwenye maisha tunaligeuza, linakuwa msaada ambao Mungu anampa mtu aliyekwisha kujitahidi. Vijana wengi darasani kwangu huapa kwamba "Mungu humsaidia anayejisaidia" ni mstari wa Biblia. Nawaambia wautafute. Wanafunua, wanafunua, hawauoni, kwa sababu haumo.

Wanachokikuta ni Warumi 4:4, "Lakini kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni." Kibarua aliyelima shamba lako tangu alfajiri hadi saa sita, ukimpa pesa yake hujamfanyia hisani, umelipa deni. Neema ni kitu kingine kabisa. Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu.

Kwa nini jambo hili lilimgusa Luther kiasi kile?

Kwa sababu alikuwa amejaribu ile njia nyingine mpaka mwisho wake. Aliingia utawani Erfurt mwaka 1505, akafunga, akakesha, akaungama mpaka waungamishi wake wakachoka. Hofu haikuondoka. Neno lililomtisha kuliko yote lilikuwa "haki ya Mungu" katika Warumi 1:17, maana alidhani ni haki ambayo Mungu anaitumia kumhukumu mkosaji. Alipokuwa akifundisha Biblia huko Wittenberg ndipo alipotambua kwamba ni haki ambayo Mungu anampa mkosaji, naye anaipokea kwa imani. Mwaka 1545, akiwa mzee, aliandika kwamba siku ile alijiona kama mtu aliyefunguliwa milango ya paradiso akaingia.

Zile hoja 95 za tarehe 31 Oktoba 1517 zilihusu vyeti vya msamaha vilivyouzwa na wahubiri kama Johann Tetzel, na sehemu ya fedha ilikwenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Miaka 13 baadaye, tarehe 25 Juni 1530, fundisho la haki inayopokewa kwa imani lilisomwa mbele ya Kaisari Karoli wa Tano katika Ungamo la Augsburg. Kipengele cha nne, kuhusu kuhesabiwa haki, ni kifupi sana. Kisome siku moja, hakimalizi dakika moja.

Je, imani nayo si tendo? Si mimi ninayeamini?

Swali hili huulizwa na wenye akili kali darasani, nami nalipenda.

Mtazame mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga. Mama anapanda kilima na ndoo ya maji kichwani, mtoto amelala, kichwa kimeinamia upande. Hajashika kitu. Ameshikwa. Akiamka atajisikia salama, na kujisikia huko ni kwake kweli, lakini kinachomzuia asianguke ni ile kanga na fundo alilolipiga mama yake kifuani. Imani ni kuegemea mgongo huo. Ndiyo maana katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, Katekisimu inatufundisha kukiri kwamba kwa akili zetu wala kwa nguvu zetu hatuwezi kumwamini Yesu Kristo, ila Roho Mtakatifu ametuita kwa Injili.

Kwa hiyo usikae ukiipima imani yako kila asubuhi kama mtu apimaye presha. Yule baba wa Marko 9:24 alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa.

Nilibatizwa nikiwa mchanga. Mtu akiniuliza "Umeokoka?" nimjibu nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Linawakuta watu kwenye daladala, kazini, hosteli za chuo, hata msibani. Wengine hurudi nyumbani na mashaka kwamba Ukristo wao wote ni bure.

Neno lenyewe lina historia yake kwetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliingia Buhaya na kuenea Afrika Mashariki yote, na Walutheri wengi waliguswa nao. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977, alikuwa mtu wa uamsho huo. Watu waliungama wizi, wakarudisha mali, wakapatana na maadui zao. Hakuna Mlutheri mwenye haki ya kuubeza.

Hata hivyo, naomba uangalie lugha yetu. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kauli za vitenzi. "Kuokoka" ni kauli ya kutendeka, kama kuvunjika au kumwagika. Inasema jambo limetokea, lakini haisemi nani amelifanya. "Kuokolewa" ni kauli ya kutendwa, na kauli hiyo mara zote huacha nafasi ya kuuliza, na nani? Biblia yetu katika Waefeso inasema "mmeokolewa". Sasa hesabu maneno mengine tunayoishi nayo kanisani: kubatizwa, kusamehewa, kuhesabiwa haki, kuitwa, kulishwa Mezani. Yote ni kutendwa. Mbele za Mungu sisi ni watu wa kutendewa.

Basi ukiulizwa, usijibu kwa woga wala kwa hasira. Sema, "Ndiyo, nimeokolewa. Kristo aliniokoa Golgotha, na siku niliyobatizwa akanipa wokovu huo kwa jina langu." Kwamba hukumbuki siku hiyo si hasara. Hukumbuki pia siku uliyozaliwa, na bado upo. Katika Katekisimu Kubwa, Luther anatufundisha kwamba dhambi na dhamiri zikitusonga tuseme, hata hivyo nimebatizwa. Mtu aliyebatizwa halafu akapotea miaka mingi, akirudi kwa toba, anarudi kwenye ubatizo ule ule. Hatumbatizi tena, kwa sababu Mungu hakukosea mara ya kwanza.

Kama wokovu ni bure, kwa nini nihangaike na matendo mema?

Paulo aliulizwa hivyo hivyo, akajibu "Hasha!" (Warumi 6). Na mara tu baada ya Waefeso 2:8-9 kuna mstari wa 10, ambao wengi hawafiki: tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Kipengele cha sita cha Ungamo la Augsburg kinasema imani haina budi kuzaa matunda mema. Mwembe hauzai maembe ili uwe mwembe.

Matendo yako Mungu hayahitaji. Jirani yako ndiye anayeyahitaji. Hapo ndipo kauli inapogeuka, kwa Mungu tunatendewa, kwa jirani tunatenda. Mwaka 1520 Luther aliandika kwamba Mkristo yuko huru juu ya vitu vyote, hayuko chini ya mtu, na papo hapo ni mtumishi wa wote. Mtu asiyekusanya alama za kwenda mbinguni mikono yake imebaki wazi kwa ajili ya wengine.

Na Katekisimu inashuka chini kweli. Katika amri ya saba haiishii kwenye kuiba; inataja bidhaa mbovu na biashara ya udanganyifu. Nikifika hapo nawaambia vijana wangu neno moja, lumbesa. Wote wanalijua. Ni lile gunia linaloongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, mkulima anauza zaidi ya kilo mia kwa bei ya gunia moja. Nimewahi kumwona mzee amesimama kando ya gunia lake la viazi, anatazama kijana wa mnunuzi akilikanyaga kwa miguu ili viazi vishuke, kisha anaongeza ndoo mbili juu. Mzee hakusema kitu. Mnunuzi alikuwa Mkristo, na Jumapili ile tulimwona kanisani. Amri ya saba, kwa maelezo ya Katekisimu, inamtaka mnunuzi yule amsaidie mzee aboreshe na kulinda mali yake.

Amri ya nane nayo inatutaka tumtetee jirani, tumseme vizuri, na mambo yake tuyachukulie kwa upande mwema. Kundi la WhatsApp la jumuiya ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kazi yangu ni ya kawaida tu. Inahusianaje na imani?

Kabla ya Matengenezo, neno "wito" lilihusu hasa mapadri na watawa. Luther alifundisha kwamba mzazi anayebadilisha nepi za mtoto kwa imani anamtumikia Mungu kweli. Dereva wa bodaboda anayekataa kupakia mishikaki na kuhakikisha abiria wake amefunga kofia, muuguzi wa zamu ya usiku, mama wa genge anayempimia mteja nyanya bila kuficha zilizooza chini: huo ni wito. Mungu anawalisha na kuwalinda watu kwa mikono hiyo.

Sijamaliza ahadi yangu ya sadaka na bahasha yangu ni tupu. Naweza kushiriki Meza ya Bwana?

Ndiyo. Njoo.

Swali hili lina uso kwangu. Mama mmoja, mjane, alikuwa akitoka nje kila tulipofika kwenye Chakula cha Bwana. Nilidhani ana shida ya kiafya. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mkononi ana bahasha yake yenye namba, ameikunja mara nne mpaka imekuwa ndogo kama stempu. Akaniambia, "Mwalimu, nadaiwa tangu mwezi wa tatu. Nitaendaje mbele nami ni mdaiwa?" Hakuna aliyemkataza. Lakini majina ya wasiomaliza ahadi yalikuwa yamesomwa kwenye matangazo, naye akajihukumu mwenyewe.

Ilinichoma, na bado inanichoma. Sadaka ni shukrani ya mtu aliyekwisha kupokea. Haifungui mlango wala haifungi. Mezani mchungaji hakuulizi umeleta nini. Anakwambia mwili umetolewa kwa ajili yako, damu imemwagika kwa ajili yako. Katekisimu inasema anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno hayo, "kwa ajili yako". Bahasha haimo humo.

Sisemi watu wasitoe. Kanisa lina watumishi wa kulipa na paa za kuezeka, na napenda sana ule mnada wetu baada ya ibada, mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo aliyefungwa miguu, watu wakicheka na kupandishiana bei. Pale kila mtu anaona kwamba aliyeleta maparachichi matano ameleta mavuno yake. Ninachoomba ni kwamba wazee wa kanisa waende nyumbani kwa mdaiwa kumjulia hali kabla jina lake halijasomwa hadharani. Walutheri wa dunia walipokutana Windhoek, Namibia, mwaka 2017, walibeba ujumbe kwamba wokovu hauuzwi. Ujumbe huo unatuhusu na sisi wenyewe.

Vipi kuhusu mafuta ya upako, maji ya baraka na "kupanda mbegu" ili nifunguliwe?

Ukiuziwa, si neema. Nasema hivyo bila kuzungukazunguka kwa sababu nimeona familia zikiuza ng'ombe kwa ajili ya jambo hili. Kumpaka mgonjwa mafuta na kumwombea kumo katika Biblia, Yakobo 5:14, wala hakuna bei iliyotajwa pale. Tetzel naye alikuwa na maneno matamu.

Anayeogopa laana za ukoo asidharauliwe, hofu yake ni ya kweli. Aambiwe kwamba katika ubatizo alifanywa mali ya Kristo, na hakuna mkataba wa mababu wenye nguvu kuliko huo. Kisha aombewe, bure.

Nimeomba sana na mwanangu hakupona. Ni kwa sababu imani yangu ni ndogo?

Hapana, ndugu yangu. Yeyote aliyekwambia hivyo amekutwika mzigo ambao Kristo hakukupa.

Mwezi Septemba 1542 Luther na mke wake Katharina walimpoteza binti yao Magdalena, akiwa na miaka 13. Baba aliyeihubiri imani kwa miaka 25 alipiga magoti kando ya kitanda akalia. Hakupungukiwa na imani. Tangu mjadala wa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1518 alikuwa akifundisha kwamba Mungu hajulikani kwa kutazama mafanikio, bali msalabani, mahali ambapo kwa macho anaonekana hayupo. Mungu wetu alimzika Mwanawe. Lia. Wenzako wa jumuiya wakija, waache wakae nawe kimya, na usiku ukishindwa kusali waombe wao wasali kwa niaba yako.

Naungama dhambi ile ile kila Jumapili. Je, mimi ni Mkristo kweli?

Hoja ya kwanza kati ya zile 95 inasema maisha yote ya waaminio yawe toba. Luther hakuona toba kama mlango unaopita mara moja. Katekisimu inasema mtu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kila siku kwa majuto na toba, na kila siku mtu mpya afufuke. Kila siku, kwa sababu yule wa kale hafi siku moja.

Mkristo ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi. Ukimtazama ndani yake utamwona mdhambi, ukimtazama katika Kristo utamwona mtakatifu, na yote mawili ni kweli hadi kaburini. Hilo halikupi ruhusa ya kustarehe. Anayepigana na ulevi na kuanguka yuko vitani. Aliyeacha kupigana ndiye ninayemhofia. Ukiona unaanguka pale pale, usiishie kwenye maungamo ya pamoja. Nenda kwa mchungaji faraghani, utaje jambo lenyewe, usikie kwa masikio yako ukiambiwa umesamehewa. Kuungama kwa faragha hatukukuacha kwa Wakatoliki, kumo katika Katekisimu yetu. Na kama ni pombe, tafuta pia matibabu.

Nimezuiwa Meza ya Bwana. Je, neema yangu imekwisha?

Haijaisha, na ubatizo wako haujafutwa. Nidhamu ya kanisa ina kusudi moja, kurudisha mtu, ndiyo maana tunasema "kurudi kundini". Zizi bado ni lako. Kama mnaishi pamoja bila ndoa, nendeni wote wawili mkaonane na mchungaji. Mara nyingi kinachowazuia ni mahari au gharama za sherehe, na ndoa haihitaji ukumbi wala keki.

Lakini nitasema linalonisumbua. Nimeshuhudia, katika usharika mmoja, binti wa miaka 17 akisimamishwa mbele kwa sababu ya mimba, huku kijana aliyempa mimba ameketi na wenzake kwenye kwaya. Hiyo haikuwa nidhamu ya Injili. Sheria iliyomwangukia mmoja na kumruka mwingine haikumhubiria hata mmoja wao. Na mtoto aliyezaliwa, aletwe kwenye maji bila kucheleweshwa. Yeye hana kesi.

Mchumba wangu ni Mkatoliki. Bado tunatofautiana kuhusu jambo hili?

Kidogo kuliko mnavyodhani. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini Tamko la Pamoja, wakikiri kwamba ni kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo na si kwa stahili yetu, tunakubaliwa na Mungu. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Tofauti zimebaki, hasa kuhusu Meza na daraja takatifu, hizo mzungumze na mchungaji na padri kabla ya kutangaza ndoa.

Nianzie wapi kesho asubuhi?

Katekisimu ina utaratibu wa nyumbani ambao wengi tuliukariri kwa ajili ya mtihani, tukauacha kwenye daftari. Ukiamka, jiwekee ishara ya msalaba (ndiyo, Luther ndiye anayesema hivyo) na utaje jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, jina ulilobatiziwa. Sema Imani na Baba Yetu, umesimama au umepiga magoti. Ukipenda, ongeza ile sala fupi ya asubuhi. Dakika tatu zinatosha, hata chai haijachemka. Halafu, anasema, nenda kazini kwa furaha ukiimba wimbo.

Jioni fanya vile vile, kisha ulale mara moja, kwa amani.